Slaidi Inayouliza: Kufundisha kwa Projekta Bila Kunyamazisha Watu

Projekta imefika vijijini. Afisa wa kilimo anakuja nayo, watu wa benki wanakuja nayo, na sasa hata mafundisho ya ndoa parokiani yanapitia kwa slaidi. Shuka jeupe linatundikwa ukutani, madirisha yanafungwa, na kwa saa mbili watu wanatazama maandishi yakipita. Mwishoni mgeni anauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Basi, tumeelewana." Makofi yanapigwa, chai inaletwa. Kesho yake ukimuuliza mama mmoja walifundishwa nini, atakwambia tu ilikuwa nzuri sana.

Si kosa la projekta. Kosa ni kwamba slaidi zile zimetengenezwa kusema, hazikutengenezwa kuuliza. Na hata zinapouliza, wanaojibu ni wale wale: mwenyekiti, mwalimu mstaafu, na kijana mmoja aliyesoma. Mama aliye nyuma ambaye deni lake ndilo linazungumzwa hainui mkono. Anaogopa kuonekana mjinga, au anaogopa kumpinga mwenyekiti mbele ya watu. Siku hizi kuna vifaa vya kidijitali vinavyomwezesha mama huyo kujibu bila kuitwa jina. Hivyo ndivyo nataka tuvitazame, maana vingine vinafaa kijijini na vingine ni vya mjini tu.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni katika Kanisa letu. Paulo Freire, yule mwalimu wa Brazil, mwaka 1963 aliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika katika mji wa Angicos, kwa muda wa saa 40 hivi. Yeye pia alitumia picha zilizoangazwa ukutani kwa projekta ya wakati ule. Lakini picha yake haikuwa na jibu. Ilionyesha mtu, jembe, kisima, na watu wakaulizwa: mnaona nini hapa? Miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel walisaidia kuleta mbinu hiyo hapa Kenya katika mafunzo ya DELTA, ambayo wazee wengi wa kamati za maendeleo za parokia wanayakumbuka. Picha ikibandikwa, mwezeshaji ananyamaza, watu wanazungumza. Sasa tumepata mashine nzuri kuliko ya Freire, na tumerudi kuhubiri!

Mtu wa pili wa kumsikiliza ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliona kwamba wanafunzi wake wanapita mtihani lakini hawaelewi mambo ya msingi. Kuanzia mwaka 1991 akabadilisha namna ya kufundisha. Anaeleza kidogo, kisha anaonyesha swali lenye majibu kadhaa ya kuchagua. Kila mmoja anafikiri peke yake na kupiga kura. Halafu, kabla mwalimu hajasema jibu, kila mtu anageuka kwa jirani yake na kujaribu kumshawishi. Wanapiga kura tena. Kwa kawaida kura ya pili huwa na majibu sahihi mengi zaidi, kwa sababu aliyeelewa jana anajua kumweleza mwenzake kuliko mwalimu aliyeelewa miaka 20 iliyopita. Kanuni yake ni rahisi: kama waliopata ni chini ya asilimia 30 hivi, mwalimu arudi aeleze upya. Kama ni zaidi ya 70, aende mbele. Hapo katikati ndipo mazungumzo ya majirani yanazaa matunda.

Tuchukue mfano unaotuhusu: riba ya mkopo wa kikundi. Tuseme kikundi kimealika mtu awafundishe. Mwalimu wa kawaida angeweka slaidi yenye maelezo ya riba, mistari kumi na miwili kwa maandishi madogo. Wewe weka slaidi hii moja:

Mama amekopa shilingi 10,000 kwa miezi 4. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, inahesabiwa kwa deni lililobaki. Kila mwezi anarudisha 2,500 za mkopo pamoja na riba. Mwishoni atakuwa amelipa riba ya shilingi ngapi? A: 1,000. B: 2,500. C: 4,000. D: Sijui.

Jibu ni B. Mwezi wa kwanza analipa riba ya 1,000, wa pili 750, wa tatu 500, wa nne 250. Lakini tazama majibu mengine, maana hayakuwekwa ovyo. Anayechagua A amehesabu asilimia 10 mara moja tu, amesahau kwamba ni kwa mwezi. Anayechagua C amehesabu 1,000 kila mwezi mara nne, yaani kana kwamba deni halipungui. Na vikundi vingi hutoza hivyo hivyo! Kwa hiyo kura zikijaa kwenye C, mwalimu amejua kitu ambacho mikono iliyoinuliwa isingemwambia: wana kikundi wanaona ni kawaida mtu kulipia riba pesa alizokwisha kurudisha. Tofauti ni shilingi 1,500 kwa mkopo mdogo kama huo. Ni bei ya kuku mkubwa.

Ile D ya "sijui" usiiache. Bila hiyo watu watabahatisha, na wewe utadhani wameelewa.

Sasa kifaa. Kwa vikundi vyetu mimi napendekeza kwanza Plickers, kwa sababu simu ya kisasa inahitajika moja tu, ya mwezeshaji. Wana kikundi wanashika kadi za karatasi. Kila kadi ina mchoro mweusi wa miraba, mchoro wake tofauti na wa kadi nyingine, na nambari yake. Pande nne za mchoro zina herufi ndogo A, B, C na D. Ukitaka kujibu B, unashika kadi herufi B ikiwa juu. Mwezeshaji anafungua programu kwenye simu yake, anapitisha kamera polepole mbele ya watu, na simu inasoma kadi nyingi kwa pamoja. Mara moja projekta inaonyesha wangapi wamechagua nini. Herufi ni ndogo makusudi ili jirani asione umejibu nini.

Kadi zinapatikana bure kwenye tovuti yao, seti ya kawaida ni kadi 40. Peleka kwa saiba, waprinti kwenye karatasi ngumu kidogo. Usizifunike kwa nailoni inayong'aa, mwanga utarudi na kamera itashindwa kusoma. Simu na laptopu ziwe na intaneti, lakini bando la mtu mmoja linatosha, maana laptopu inaweza kutumia intaneti ya simu hiyo hiyo. Maswali yaandikwe nyumbani siku moja kabla, si watu wakiwa wameketi.

Kuna jambo la siri hapa ambalo lazima lielezwe wazi. Jirani haoni jibu lako, lakini programu inajua kadi nambari 7 imejibu nini. Ukiandikisha majina ya wana kikundi mbele ya nambari, basi mwezeshaji anaweza kuona ni nani alisema nini. Kwa swali la hesabu hakuna neno. Lakini swali kama "Je, kikundi chetu kibadilishe namna ya kutoza riba?" ni swali la kugusa watu. Hapo andikisha nambari tu bila majina, weka kadi zote kwenye kikapu, na kila mtu achomoe moja bila kuonyesha. Hivyo mama anayedaiwa atajibu kama mwenyekiti. Tena usiandike majina kamili, nambari za kitambulisho wala za simu katika programu hizi za nje. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu pia taarifa za wana kikundi, si za kampuni kubwa peke yake. Na uchaguzi wa viongozi usifanyike kwa kadi hizi, huo una utaratibu wake katika katiba ya kikundi.

Wasiojua kusoma wasiachwe nje. Soma swali kwa sauti, mara mbili, kwa lugha ya mama ikibidi. Kwenye slaidi weka picha kando ya kila herufi, na nyuma ya kadi tia alama ndogo za rangi kwenye kila upande, ili mtu ajue kwamba kuku ni upande wa nukta nyekundu. Najua wa nyuma yake anaweza kuchungulia hiyo nukta. Ni afadhali hivyo kuliko mtu ashike kadi asiyoielewa.

Mentimeter ya Sweden na Kahoot ya Norway ndizo vijana waliotoka chuoni watakuletea. Katika Mentimeter kila mtu anafungua ukurasa kwa simu yake, anaandika tarakimu za siri zilizo kwenye slaidi, anajibu, na majibu yanatokea ukutani bila majina. Ni nzuri kwa semina ya vijana au ya walimu. Kwa kikundi ambacho nusu wana kabambe, utakuwa umewagawa watu mara mbili: wenye simu ya kugusa kioo na wasio nayo, wenye bando na wasio na bando. Akaunti za bure pia zina mipaka yake. Kahoot ina muziki na pointi, na aliyejibu haraka anapata pointi nyingi. Watoto wa shule wanaifurahia sana. Lakini mzee anayesoma polepole ataonekana wa mwisho mbele ya wajukuu, na hatarudi mkutano ujao. Ukiitumia, wapange watu makundi ya watano watano kwa simu moja, ili wazungumze kabla ya kubonyeza.

Kura za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2022, zinasaidia kupanga siku ya mkutano. Kwa mambo mazito hapana, kwa kawaida kila mtu kwenye kikundi anaona nani amechagua nini.

Na kama hakuna intaneti kabisa? PowerPoint yenyewe ina njia. Unaweza kuandika jibu kwenye slaidi na kuliunganisha na slaidi nyingine. Ukibonyeza C, inafunguka slaidi inayosema: "Hii ingekuwa sawa kama deni halipungui. Hebu tuhesabu tena." Ukibonyeza B, inafunguka hesabu ya mwezi hadi mwezi. Hapo darasa ndilo linaamua tubonyeze wapi, na njia ya somo inafuata watu. Kura zenyewe zipigwe kwa mahindi na maharagwe: debe moja limefunikwa kitambaa, kila mmoja anatumbukiza punje moja. Nimeona kura za maharagwe zikizua mazungumzo moto kuliko mashine yoyote. Stima ikipotea katikati ya somo, na itapotea, debe ndilo litakuokoa.

Kuhusu projekta, msikimbilie kununua. Mpango wa serikali wa elimu ya kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulipeleka tableti na projekta katika shule za msingi za umma nchini. Katika shule zingine zinatumika, katika zingine zimefungiwa kabatini zikingoja mtu wa kuuliza. Mwenyekiti na katibu wamwendee mwalimu mkuu kwa heshima, na barua, wapange Jumamosi moja darasani. Mzazi aliye katika kamati ya shule aende pamoja nao. Mkubaliane mapema ni nani atalipa kitu kikiharibika, maana hapo ndipo urafiki huvunjika.

Idadi ya slaidi? Kwa saa moja na nusu, maswali matatu yanatosha, manne ni mengi. Kila swali linakula dakika 15 hivi ukihesabu kura ya kwanza, mazungumzo ya majirani, kura ya pili na maelezo. Mwalimu mgeni atalalamika kwamba hakumaliza mambo yake. Mweleze kabla hajaja, tena mwombe alete maswali badala ya maelezo.

Mazungumzo ya majirani yanahitaji uangalizi. Waume na wake wasiketi pamoja katika zamu hiyo, na viongozi wasizungukezunguke wakisikiliza. Mwezeshaji apite kimya, asikie hoja zinazorudiwa, asisahihishe mtu.

Katibu aandike kura zote mbili katika kitabu cha kumbukumbu, ya kwanza na ya pili, pamoja na swali lenyewe. Miezi mitatu baadaye ulizeni swali lile lile tena, kwa tarakimu nyingine, mkopo wa 6,000 kwa miezi 3, muone kama limekaa. Kadi ziwekwe kwenye bahasha ngumu kwa mweka hazina pamoja na vitabu, zisikunjwe, kwa kuwa kamera haisomi kadi iliyokunjwa.