Muuzaji Mzoefu Naye Yampasa Kusoma

Tuzungumzapo habari za elimu, fikira zetu huenda upesi kwa mtoto mwenye daftari, au kwa kijana aliyeanza kazi jana. Ni wachache wanaomfikiria muuzaji aliyesimama nyuma ya meza ya duka kwa miaka ishirini, anayezijua bei zote kwa moyo na kuwatambua wateja wake kwa sauti. Huyo twadhani amekwisha hitimu. Leo twapenda kusema wazi kwamba dhana hiyo si sahihi. Miongoni mwa wauzaji wote, mzoefu ndiye apasaye kusoma zaidi, kwa sababu ndiye aaminiwaye zaidi.

Hatusemi haya kwa kudharau uzoefu. Wazee wetu walinena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, nasi hatuna ugomvi na neno hilo. Muuzaji wa siku nyingi anajua kumtuliza mteja mwenye hasira, anajua nani hulipa deni na nani hukimbia, na anajua kumwambia mnunuzi, “Hiki hakikufai, usipoteze fedha zako.” Mambo hayo hayapatikani chuoni. Lakini hata nahodha mwenye kamba ngumu ya zamani huikagua kabla ya kutweka tanga. Uzoefu hutufundisha yaliyokwisha kuwa. Hauwezi peke yake kutufundisha yaliyoingia juzi.

Tutoe mfano wa duka la dawa, mahali ambapo ujuzi uliochakaa unaweza kuondoa roho ya mtu. Muuzaji aliyeanza kazi hiyo Tanzania Bara katika miaka ya 1990 alijifunza kuuza klorokwini kwa homa ya malaria. Mtu mzima alimeza vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, na viwili siku ya tatu. Muuzaji aliyasema maneno hayo maelfu ya mara, hata akaweza kuyasema usingizini. Kumbe vijidudu vya malaria navyo vilikuwa vikijifunza! Dawa ile ikawa haiwashindi tena, na mwaka 2001 Serikali ikaiacha na kuweka SP mahali pake. SP ilimezwa mara moja tu, vidonge vitatu kwa mtu mzima, na kazi ikaisha. Nayo haikudumu. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ambayo humezwa kwa siku tatu: mara ya kwanza papo hapo, mara ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inafaa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili mwili upate kuipokea vizuri.

Basi katika muda usiozidi miaka sita, muuzaji yule yule, katika duka lile lile, alitakiwa kubadili maneno yake mara mbili. Hebu tufikiri juu ya yule asiyebadili. Mteja anakuja usiku, mtoto yuko mgongoni na homa kali, naye muuzaji anamwambia kwa ukarimu wote, “Mpe mara moja tu, kesho atacheza.” Mama haulizi swali la pili, kwa kuwa huyu amemhudumia tangu zamani. Mtoto anapata nafuu siku moja, dawa inaachwa, na ugonjwa unarudi ukiwa na nguvu. Muuzaji huyo si mwizi wala si mtu mbaya. Ametenda kama alivyofundishwa. Kosa ni kwamba alifundishwa mara moja tu.

Tena mabadiliko mengine hayaonekani kwa macho. SP haikutoweka, imebaki ikifanya kazi nyingine, kwani mama wajawazito hupewa kliniki ili kujikinga na malaria. Jina ni lile lile na kidonge ni kile kile, lakini matumizi si yale ya zamani. Dawa mseto nayo ina namna zake: mtu mzima aliyetumia vidonge vya kwanza vilivyoenea alimeza vinne kila mara, jumla 24, lakini vipo pia vyenye nguvu mara nne, ambavyo humezwa kimoja kila mara, jumla sita. Muuzaji anayetegemea kumbukumbu badala ya kusoma maandishi ya paketi anaweza kumzidishia mgonjwa dawa mara nne. Zaidi ya hayo, tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba homa ipimwe kwanza kabla ya kutibiwa kuwa malaria. Wala safari haijaisha: dalili za vijidudu kuanza kuizoea artemisinini, iliyo nguzo ya dawa mseto, zimekwisha thibitishwa Rwanda, Uganda, na huku kwetu Kagera. Anayesema leo kwamba amemaliza kujifunza, amemaliza kabla ya adui yake.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya maduka ya dawa peke yake. Muuzaji wa pembejeo za kilimo aliwajua viwavijeshi tangu utoto wake, wadudu wanaokuja kwa makundi na kutambaa shambani wakila majani. Mwaka 2017 wakathibitika nchini viwavijeshi vamizi, waliotoka mabara ya Amerika na kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Hao hujificha ndani ya moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa iliyopuliziwa juu juu haifiki. Jina lafanana, dawa yaweza kufanana, lakini namna ya kupambana nao ni nyingine. Mkulima aliyeshauriwa kwa ujuzi wa zamani alitumia fedha zake, akapulizia, na mahindi yakaliwa. Mkulima wa namna hiyo hupoteza mavuno ya mwaka mzima. Muuzaji naye hupoteza imani ya mteja, ambayo haiuzwi katika duka lo lote.

Twajua majibu yatakayotolewa. Wengine watasema hawana nafasi, kwa kuwa duka hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Wengine wataona haya kukaa darasani pamoja na vijana walio sawa na watoto wao. Kwa hao wa pili twasema kwamba kuuliza si ujinga. Nchi hii ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wenye mvi walishika kalamu kwa mara ya kwanza bila kupungukiwa na heshima, bali waliongezewa. Na mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, wauzaji waliokuwa kazini walirudishwa mafunzoni kabla ya maduka yao kuidhinishwa. Jambo hilo lilifanyika, na linaweza kuendelea kufanyika.

Kwa hao wa kwanza, wasio na nafasi, neno letu lawahusu waajiri. Si haki kumtaka mfanyakazi ajue mambo mapya huku anakatwa mshahara siku anayokwenda kujifunza. Siku ya mafunzo ni siku ya kazi, na yapasa ilipwe kama siku ya kazi. Mwenye duka anayekagua shehena yake kila mwezi ili asikute bidhaa zilizokwisha muda, na akague pia ujuzi wa watu wake, kwa maana ujuzi nao huisha muda. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika navyo vina wajibu wa kulidai jambo hili, kama vinavyodai nyongeza ya mishahara.

Mengine hayahitaji hata senti. Muuzaji asome karatasi iliyomo ndani ya kila paketi mpya kabla hajauza ya kwanza. Aandike katika daftari maswali ambayo wateja walimwuliza akashindwa kuyajibu, kisha ayapeleke kwa mfamasia au kwa bwana shamba. Mzoefu na kijana wafanye kazi pamoja. Kijana aeleze aliyoyapata chuoni, na mzee amfunze kumsikiliza mteja. Na pale asipojua, aseme, “Sijui, nenda kituo cha afya ukapimwe.” Hapana aibu katika neno hilo, na huenda likaokoa maisha.

Ndugu zetu wauzaji, wananchi wanaokuja mbele ya meza zenu wengi wao ni wafanyakazi na wakulima wenye fedha chache walizozipata kwa jasho. Hawana njia ya kuupima ujuzi wenu, wanawaamini tu. Yawapasa kuilipa imani hiyo kwa kujifunza, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka siku mtakapoufunga mlango wa duka kwa mara ya mwisho.