Je, Wajua? Sheria, Maktaba na Macho ya Mtoto

Je, wajua kwamba riwaya maarufu ya Kiswahili iliyowahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono ilitoka kwa mwana wa Kanda ya Ziwa? Ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Ilichapishwa 1971, ikaonekana haifai kwa wanafunzi, kisha baadaye ikaruhusiwa kusomeshwa. Kinachoniuma ni hiki: Rosa anaharibikiwa kwa kuwa baba yake, Zakaria, alimbana kwa ukali hata akaondoka nyumbani hajui lolote kuhusu wanaume. Wasichana walionyimwa kitabu hicho ndio hasa waliokihitaji.

Mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Shinyanga iliumia zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba mkoani humo wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu na kushinda 2016. Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo 2019. Kwa miaka mingi, basi, msichana wa miaka 15 aliweza kuwa mke wa mtu huku wakubwa wakibishana kama riwaya inamfaa.

Je, wajua kwamba sheria inayomgusa mkutubi kwanza kabisa ni ya enzi za mkoloni? Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika 1945, na kifungu chake cha 175 kinakataza kutengeneza, kuuza, kusambaza au kuonyesha hadharani maandishi na picha chafu. Katika toleo la 2002 adhabu yake ni kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi 2,000. Sasa linganisha na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kusambaza picha za ngono kwa kompyuta kunaanzia faini ya shilingi milioni 20, na zikiwa za watoto, milioni 50. Uchafu uleule ukiwa kwenye karatasi ni shilingi elfu mbili.

Wenye migahawa ya intaneti nao walibanwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wachuje yaliyokatazwa, wafunge kamera na waandikishe kila mteja anayeingia.

Lakini mtoto wa machimboni huwa hafiki maktaba wala mgahawa wa intaneti. Kule kwenye maduara (mashimo ya dhahabu) na makarasha (mitambo ya kusagia mawe), burudani ni kibanda umiza: mabati, mabenchi, runinga na kiingilio kidogo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inadai kila filamu ikaguliwe kabla haijaonyeshwa, na iliweka vyombo vya ukaguzi hadi mikoani na wilayani. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, Geita na Kahama yakiwamo, na humo wamo wasichana wanaotumikishwa kingono. Ningekuwa na wakaguzi wachache tu wa kutuma, ningewapeleka huko kabla ya kuwapeleka kwenye rafu za Maktaba ya Mkoa wa Shinyanga.

Februari 2023, Waziri wa Elimu Adolf Mkenda alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni na kwenye maktaba za shule, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na desturi. Vingi vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vya Mmarekani Jeff Kinney. Wazazi nao wakaombwa wapekue mabegi ya watoto wao.

Huko Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 2000 inazitaka maktaba zinazopata nafuu ya serikali kuu kwa ajili ya intaneti ziweke vichujio. Mahakama ya Juu iliithibitisha kuwa halali 2003, mtu mzima akiruhusiwa kumwomba mkutubi amfungulie. Jimbo la Idaho limekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024 mzazi anaweza kudai kitabu kihamishiwe upande wa watu wazima, na maktaba isipofanya hivyo ndani ya siku 60 inaweza kushtakiwa na kudaiwa fidia ya dola 250.

Na wewe mzazi wa Kahama au Katoro unayenunua kitabu cha shule, geuza jalada la nyuma. Kitabu kilichokaguliwa na kupitishwa huwa kimechapwa hati ya ithibati, yenye saini ya Kamishna wa Elimu.