Vipakatalishi Viwili kwa Vocha Moja

Katika baadhi ya hoteli na nyumba za wageni za Nakuru na Naivasha, miji inayopokea warsha na makongamano mwaka mzima, intaneti huuzwa kwa vocha, yaani kijikaratasi chenye msimbo ambao mgeni huuandika katika ukurasa unaojitokeza mara tu anapojiunga na Wi-Fi, na mara nyingi msimbo mmoja hukubali kifaa kimoja tu. Ukurasa huo ni lango: huzuia mawasiliano yote ya kifaa kipya hadi msimbo ukubaliwe, kisha hukitambua kifaa hicho kwa anwani yake ya MAC, ambayo ni utambulisho wa biti 48 unaoandikwa kwa tarakimu na herufi 12 na kubebwa na kadi ya mtandao. Kipakatalishi cha pili kikileta msimbo uleule hukataliwa, hata kama vyote viwili viko mezani pa mtu mmoja aliyelipa.

Njia ya kukwepa kizuizi hicho ni kukifanya kipakatalishi cha kwanza kiwe ruta ya cha pili. Hapo hutumika utaratibu wa kutafsiri anwani, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipobainika kwamba anwani za intaneti, takriban bilioni 4.3, zisingeutosha ulimwengu: kompyuta ya mbele hupokea maombi ya ile ya nyuma, huyatuma kwa anwani yake yenyewe, na majibu yakirudi huyagawa kwa kila mwenye lake, huku lango likiona kifaa kimoja tu. Hoteli nyingi, ikumbukwe, huuhudumia umati wa wageni kwa utaratibu uohuo juu ya laini moja ya kampuni ya mtandao.

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 huweza kupokea Wi-Fi na kuirusha upya kwa kadi moja, kupitia hotspoti iliyo katika mipangilio ya mtandao, na kwa kawaida kipakatalishi cha pili hupewa anwani inayoanza na 192.168.137. Kompyuta za Mac, kwa upande wao, kwa kawaida haziwezi kupokea na kurusha Wi-Fi kwa wakati mmoja, hivyo huhitaji waya wa mtandao kati ya mashine hizo mbili. Katika hali zote, mwenye kompyuta ya mbele akiifunika ili akanywe chai, mashine hulala na mwenzake hukatikiwa papo hapo.

Kasi nayo haiongezeki, kwani kiwango kilichotengewa vocha hugawanywa kwa wawili. Na wakati wa Safari Rally, iliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha, hoteli zikifurika, nusu ya kidogo ni kidogo sana. Zaidi ya hayo, ujanja huo hugundulika. Kila pakiti ya data hubeba nambari ya uhai ambayo kila ruta huipunguza kwa moja. Windows huanza na 128, kwa hiyo pakiti zinazofika langoni zikiwa na 127 huashiria kwamba zimepitia mashine nyingine. Wasimamizi wengine huishusha nambari ya pakiti zinazokwenda vyumbani hadi 1, ili zifike kompyuta ya kwanza na kufia hapo.

Kama jambo hilo ni halali hutegemea kilichouzwa, kwa maana masharti ya ukurasa wa lango, ambayo ni wachache wanaoyasoma, ndiyo husema iwapo mgeni amenunua muda, kiasi cha data au nafasi ya kifaa kimoja. Aliyenunua kiasi cha data hamwibii mtu akikitumia kwa mashine mbili, ilhali masharti yakitaja kifaa kimoja, iliyobaki ni kununua vocha ya pili au bando la simu. Palipo na ruhusa, hotspoti iwekewe nywila ngumu, kwani jirani wa chumba cha pili akijipenyeza, lolote atakalofanya mtandaoni litaandikwa katika kumbukumbu za hoteli kwa anwani ya mgeni aliyelipa.