Unakwenda hija kwa miguu? Usiache dawa zako nyumbani

Kila inapokaribia Juni 3, barabara za kuelekea Namugongo, jirani na Kampala nchini Uganda, hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu. Hutoka Uganda yenyewe na nchi jirani, Tanzania na Kenya zikiwamo, kwenda kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliouawa kwa moto mwaka 1886. Anayeanzia Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ana takriban kilomita 300 mbele yake. Mchana ni kutembea na kuimba. Usiku ni kulala kwenye parokia za njiani, kanisani au darasani.

Kama una ugonjwa wa kudumu, huenda unajiuliza iwapo unaweza kwenda. Wengi wanaweza, wakijiandaa. Sharti la kwanza ni moja: usikatishe dawa.

Wapo wanaoona kumeza vidonge wakiwa hijani ni upungufu wa imani. Wengine huacha vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo kwa kuona aibu ya kuchepuka vichakani kila mara. Presha haisubiri urudi. Inaweza kupanda kimyakimya hadi ikaleta kiharusi. Mweleze daktari mpango wako wa safari, yeye ndiye apange upya dozi au saa za kumeza. Dawa za kutosha safari nzima, na siku chache za ziada, ziwe kwenye begi unalolibeba mwenyewe. Ukiziweka kwenye gari la mizigo, litakutangulia nazo.

Mwenye kisukari ana hatari mbili. Ya kwanza ni sukari kushuka, kwa sababu misuli inayofanya kazi kutwa nzima huitumia sana. Ukitumia insulini au vidonge, usitembee bila kula, na beba glukosi, soda ya kawaida au sukari. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, kaa chini, tumia sukari hiyo mara moja, kisha kula chakula. Usiendelee kutembea kwa kujikaza.

Ya pili ni miguu. Kisukari cha muda mrefu huleta ganzi, hivyo unaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu bila kuhisi. Kila jioni, vua viatu, osha miguu, kausha katikati ya vidole na kagua nyayo. Usipoona vizuri, mwombe mwenzako. Ukipata lengelenge usilitumbue. Lifunike kwa bandeji safi na umwone mhudumu wa afya, kwa maana kidonda kidogo kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Kwa kila msafiri, kiatu cha hija ni kile ambacho mguu umekwisha kukizoea, si kipya kilichonunuliwa jana yake. Beba soksi za kubadilisha, maana soksi iliyolowa mvua au jasho huchubua haraka. Anza mazoezi wiki kadhaa kabla, ukiongeza umbali kidogo kidogo.

Mzazi, mtoto hupoteza maji haraka na akicheka na wenzake husahau kiu. Mpe maji kila mnapopumzika, na ukiona mkojo wake umekuwa wa njano iliyokolea, ongeza. Akiharisha, koroga pakiti ya ORS kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Mtoto mwenye selimundu asitembee safari ndefu, kwa kuwa uchovu, baridi na upungufu wa maji vinaweza kumwanzishia maumivu makali. Mpeleke kwa gari, umfunike vizuri usiku. Wote mlale ndani ya chandarua.

Barabarani, tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayowajia. Simamisha safari na utafute huduma haraka ukiona maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuzimia, joto kali la mwili pamoja na kuchanganyikiwa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kupanda gari ukiwa na dalili hizo hakuharibu hija yako.

Mwisho, andika kwenye karatasi jina lako, ugonjwa wako, dawa unazotumia na namba ya simu ya ndugu. Nakala moja iwe mfukoni mwako, nyingine kwa kiongozi wa kikundi. Ukianguka huwezi kujieleza, karatasi hiyo itamwonyesha atakayekupokea pa kuanzia.