Kunyanyua pikapu ni pesa, kuishusha nayo ni pesa

Springi na shokomzoba zinazouzwa kama mitumba katika soko la pikapu la Marekani mara nyingi ni mpya kabisa. Mtu ananunua Ford F-150 au Chevrolet Silverado, anaitoa yadi na kuipeleka gereji moja kwa moja. Fundi anafungua vyuma vya kiwandani na kufunga vingine vya kuinyanyua inchi 4 au 6, ili gari likae juu ya matairi ya inchi 35. Vile vilivyotolewa bado vina stika ya kiwanda. Mwenye gari hana haja navyo, na nyumbani hawataki vijaze banda. Vinaishia kwenye rafu ya gereji au kwenye tangazo la mtandaoni, kwa bei ya chee. Anayevinunua ni mtu aliyefanya vilevile miaka kadhaa iliyopita na sasa anataka kurudi chini.

Kwa hiyo soko la kushusha linalishwa na soko la kunyanyua, na hili la pili ni kubwa kwelikweli. Chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya kurembea na kuboreshea magari, SEMA, ambacho maonyesho yake hujaza kumbi za Las Vegas kila mwaka, kinakadiria mauzo ya vifaa hivyo nchini Marekani kuwa zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka. Pikapu ndizo zinazokula sehemu kubwa zaidi. Si ajabu, kwa kuwa familia ya Ford F-Series pekee imeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu 1977. Kushusha hakuna maonyesho wala mabango. Ni kazi ya gereji za kawaida, inayoingia kimyakimya kati ya kubadili breki na kumwaga oili.

Wateja wake wanaletwa na mambo madogo ya kila siku: mafuta yanayokwisha mapema, matairi makubwa ambayo moja tu linaweza kuzidi dola 300, maegesho ya ghorofani ambayo gari haliingii, mama mzazi asiyeweza kupanda bila ngazi. Wapo wanaotaka kuuza. Hapo soko limegawanyika, kwa sababu ziko yadi, hasa majimbo ya kusini, zinazouza pikapu zilizonyanyuliwa kwa bei ya juu, na ziko nyingine zisizotaka hata kuliona gari lililochezewa. Asiye na njia ya kukwepa ni aliyechukua gari kwa mkataba wa kulikodi kwa miaka. Siku ya kulirudisha anatakiwa alilete kama lilivyotoka, la sivyo anatozwa.

Bei ya kazi yenyewe hutegemea jambo moja: gari lilinyanyuliwa vipi. Njia rahisi ni spesa, kipande cha chuma au alumini kinachowekwa juu ya shokomzoba ya mbele. Pikapu nyingi hutoka kiwandani pua ikiwa chini kidogo kuliko mkia, ili zikipakiwa mzigo zikae sawa. Wengi hawaupendi mwonekano huo, wakanunua spesa za inchi 2 kwa chini ya dola 100. Kuziondoa ni kazi ya asubuhi moja. Fundi anapiga jeki, anafungua mkono wa juu wa tairi, anateremsha shokomzoba, anatoa spesa na kurudisha kila kitu. Baada ya hapo gari linapelekwa alaimenti, na hapa ndipo wateja wanapobana senti wasizostahili kubana. Ukishusha pua ya gari, pembe zote za tairi zinahama. Anayeondoka bila alaimenti atanunua matairi mapema.

Nyuma, kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangana, mara nyingi kuna tofali la chuma lililoingizwa kati ya springi na ekseli. Kulitoa si tabu. Lakini zile boliti ndefu zenye umbo la U zinazobana springi hazirudishwi: zikishakazwa mara ya kwanza zimeshavutika, na fundi anayejua kazi yake ataagiza mpya, fupi, zinazolingana na kimo cha zamani. Ukiona kwenye ankara hazimo, uliza.

Shida iko kwenye zile kiti, yaani seti kamili za vifaa vya kunyanyulia, za inchi 6 zinazogharimu zaidi ya dola 2,000 kabla ya matairi na ufundi. Kwa pikapu zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, difu ya mbele lazima ishushwe ili ekseli zisipinde mno, na kiti nyingi za namna hiyo zinamtaka fundi akate chuma kinachokingama chini ya chesi ili kuipa difu nafasi. Kikishakatwa kimekatwa. Kurudi chini kunamaanisha kuchomelea kipande kipya kwa kipimo sahihi, kazi ambayo gereji nyingi huikataa kwa kuogopa lawama ajali ikitokea. Kuna wamiliki wanaolipa zaidi kushusha kuliko walivyolipa kunyanyua, na hao karibu wote ni wa kundi hili.

Sheria nayo imeleta wateja. Mtindo wa kuinua pua na kushusha mkia, ulioshamiri Carolina mbili, uliwafanya madereva washindwe kuona kilicho mbele yao huku taa zikipiga mbinguni. North Carolina iliupiga marufuku kuanzia Desemba 2021, Virginia ikafuata 2022, na South Carolina 2023, ambako faini inaanzia dola 100 na kosa la tatu linaondoa leseni kwa mwaka mzima. Mwenye gari la namna hiyo hakuwa na la kufanya ila kulipeleka gereji.

Kuhusu waranti, wauzaji wa vifaa hupenda kutaja sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, kwamba kampuni haiwezi kufuta waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha mtu mwingine. Ni kweli, lakini nusu. Kifaa hicho kikionekana ndicho kilichovunja ekseli, gharama ni yako. Magari mapya yana jambo jingine tena. Rada na kamera za kuzuia ajali zimepangwa kwa kimo cha kiwandani, na gari likipanda au kushuka zinaweza kuhitaji kupimwa upya kwa mashine ambazo fundi wa uchochoroni hana.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu inaanza kwingine. Hilux inanyanyuliwa kwa ajili ya barabara mbovu au mzigo, na mara nyingi fundi huongeza tu bapa kwenye springi za nyuma. Likiwa tupu gari hilo linaruka kama mpira, na mmiliki anayebadili kazi, kutoka kubeba saruji hadi kubeba familia, huishia kuyatoa mabapa hayo. Vyuma vya asili hapa hupotea haraka zaidi, kwa sababu fundi huviuza kwa mteja wa jioni ile ile. Tafuta kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, utavipata, ila utalipa mara mbili kitu kilichokuwa chako.

Ukinyanyua gari, basi, ondoka gereji na springi na shokomzoba zako za zamani. Na ukinunua pikapu iliyonyanyuliwa kwa nia ya kuishusha, lala chini yake na tochi kabla ya kutoa pesa: ukikuta chuma cha kukingama kimekatwa, punguza bei kwa gharama ya kukichomelea au achana na gari hilo.