Mifupa Iliyoijengea Disney Biashara ya Pili

Filamu fupi ya katuni iitwayo The Skeleton Dance, iliyotolewa na studio ya Walt Disney mwaka 1929, haikuwa na mhusika maarufu wala kisa kirefu: usiku wa manane viunzi vinne vya mifupa hutoka makaburini na kucheza, kimoja hupiga uti wa mgongo wa kingine kama marimba, na jogoo anapowika vyote hukimbia kurudi kaburini. Thamani yake kibiashara ilikuwa katika mbinu. Katika katuni za Mickey Mouse, zilizoipa studio jina tangu Novemba 1928, muziki ulifuata vitendo. Mtunzi Carl Stalling alipendekeza mfululizo wa pili ambamo vitendo vingefuata muziki, naye mchoraji Ub Iwerks akaichora filamu hii ya kwanza karibu peke yake, akilinganisha kila hatua na pigo la ala, huku michoro ya hatua zilezile ikirudiwa ili mchezo uendelee bila kuchorwa upya.

Msambazaji, yaani mfanyabiashara anayezifikisha filamu kwenye majumba ya sinema, alitaka filamu zaidi za panya Mickey na si mifupa. Disney hakukubali, filamu ilipoonyeshwa katika jumba la sinema la Carthay Circle, Los Angeles, watazamaji waliipenda, na kampuni ya filamu ya Columbia ikausambaza mfululizo huo, Silly Symphonies, uliofikia filamu 75 kabla ya kusitishwa mwaka 1939. Kwa kuwa haukutegemea mhusika mmoja, ulitumika kama maabara ya studio: Flowers and Trees ya mwaka 1932 ilijaribu rangi kamili za Technicolor, ikapata Oscar ya kwanza ya katuni fupi.

Aliyeichora mifupa hakufaidi mavuno hayo. Iwerks aliondoka Disney mapema mwaka 1930, akauza hisa zake za asilimia 20 kwa dola 2,920, kiasi kinachosikitisha kwa mtu aliyebeba kazi kubwa namna ile. Studio yake mwenyewe haikudumu, na mwaka 1937 alirudia ngoma ya mifupa kwa rangi akiwa Columbia, katika Skeleton Frolic, bila kuufikia mshangao wa awali.

Tangu Januari 1, 2025, hakimiliki ya The Skeleton Dance imekwisha nchini Marekani, hivyo studio yoyote huko, hata changa isiyo na mtaji, inaweza kuionyesha, kuikata au kuichora upya bila kumlipa mtu ada.