Kilichomo mkononi na kilichomo akilini: funzo kutoka Mangola



Mtu akipewa kitu, kisha akaambiwa akibadilishe kwa kingine cha thamani ile ile, mara nyingi hukataa. Kitu hakikupanda thamani kwa kushikwa. Kilichobadilika ni namna mwenyewe anavyokitazama.

Hapo ndipo inapoanzia saikolojia ya utambuzi. Katika karne ya 20, wataalamu wengi wa Marekani walitosheka kutazama mambo mawili: kinachomfika mtu kutoka nje, na kitendo anachokijibu. Ulric Neisser, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alikusanya hoja za waliosema kuwa baina ya mawili hayo kuna la tatu, nalo ni fikra.

Misingi ya elimu hii ni mitatu. Kwanza, akili hupokea habari, huzichambua, huzihifadhi na kuzitumia, mfano wa kompyuta. Pili, mtu hatendi kwa mujibu wa jambo lilivyo, bali kwa alivyolifahamu. Na ufahamu hujengwa na mazoea. Tatu, fikra haionekani, lakini yaweza kuchunguzwa kupitia matendo yanayotokana nayo.

Ushahidi tunao jirani. Kusini mwa nyanda za juu za Ngorongoro, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wachimbaji wa mizizi. Mwaka 2014 Coren Apicella na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao huko. Kila mtu alipewa kwa bahati nasibu moja kati ya aina mbili za biskuti au za viberiti vya gesi, kisha akaulizwa kama angependa kubadilisha. Ikiwa kumiliki hakubadilishi fikra, yapasa nusu yao wabadilishe. Kwa walioishi mbali na masoko ilikuwa hivyo hasa. Kwa walioishi karibu na kijiji cha Mangola, wilayani Karatu, penye biashara na watalii, waliobadilisha walikuwa kama robo tu.

Tuzingatie: kabila ni moja, lugha ni moja na vitu ni vile vile. Uchunguzi huo hausemi kuwa soko ni ovu, wala hauthibitishi ni jambo gani hasa katika maisha ya soko lililoleta tofauti. Unaonyesha kuwa kung'ang'ania tulichonacho si lazima kuwe tabia tuliyozaliwa nayo.

Faida yake majumbani ni kubwa, hasa wakati wa mirathi. Ndugu aliyebaki katika nyumba ya marehemu huiona ya thamani kuliko wanavyoiona wenzake. Wao humdhania tamaa, naye huwadhania dhulma. Udugu ukavunjika kwa makadirio. Huenda hakuna mwongo kati yao. Basi kabla ya kulaumiana, na aitwe mthamini asiye na ufunguo wa nyumba hiyo mkononi, kisha kila mwenye haki apewe haki yake.